Mtu Aliyelewa Mara Moja

Kiganjo, Thika
20 Januari 2025

Ndugu yangu Musembi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Carolyne na watoto. Sisi huku hatujambo. Mama alinipigia simu Jumapili kutoka Yatta. Goti la kulia bado linamsumbua, lakini ule mkongojo uliomnunulia hautumii. Anasema mkongojo ni wa wazee. Ameuegemeza kwenye mlango wa banda la kuku ili usifunguke na upepo.

Utashangaa kupata barua, na kutoka hapa hadi Ruiru si mbali. Ninaandika kwa sababu kwenye simu nikianza neno unaniambia uko mkutanoni, na nikinyamaza unaniuliza kwa nini nimenyamaza. Nimempa Kahiga wa ofisi ya vifurushi pale stendi. Ataituma Ruiru, nawe utaichukua ukitoka kazini.

Jambo langu ni Ndanu. Amepata alama za kuingia chuo kikuu, na tangu ulipomwambia habari za hiyo shahada yenu ya haki ya jinai na urekebishaji wa wafungwa, hana neno lingine mdomoni. Anataka kuwa afisa wa magereza kama baba yake, ila yeye aingie na shahada. Sijamkataza. Lakini mimi ndiye mama yake, nataka kujua ninampeleka wapi. Wanasoma nini hasa? Wanaingia jela wakaona, au wanaisoma vitabuni tu? Waliomaliza wako wapi sasa? Jela imenichukulia mume, sitaki niipe na mtoto bila kuuliza.

Nzioka alikuwa akisema kijana anayekuja kazini akijua sheria peke yake hawezi kujibu salamu ya mfungwa, kwa sababu hajui kama inaruhusiwa. Yeye aliwajibu. Jioni akivua viatu alikuwa akiniambia majina ya mama zao.

Ndanu anasema kuna siku wazazi wanakaribishwa chuoni. Tutakuja. Hujafika hapa tangu mazishi, na mwaka mzima umepita na zaidi, kwa hiyo acha sisi tuje.

Dada yako,
Mwongeli


Membley, Ruiru
3 Februari 2025

Dada Mwongeli,

Salamu nyingi. Sote wazima. Carolyne anakusalimu na anauliza kama bado unashona sare za shule, maana fundi wetu wa hapa ameharibu sketi mbili. Mwambie Mama ule mkongojo aliandikiwa na daktari wa mifupa, si pambo la banda la kuku. Wewe anakusikia.

Barua yako imenichekesha. Watu siku hizi wanaoana kwa simu na wewe unatuma karatasi kwa Kahiga. Nimejibu kwa karatasi usije ukasema nina maringo.

Maswali yako ni mazuri, na bahati ni kwamba si wewe peke yako unayeuliza. Mwezi wa sita linakuja jopo la tathmini kutoka nje ya chuo. Watapima kila kitu: masomo, walimu, mafunzo ya wanafunzi magerezani, waliomaliza wameajiriwa wapi. Tukipita, shahada inaendelea. Tukianguka, hatutapokea wanafunzi wapya. Shahada hii nimeijenga mimi, Mwongeli, tangu ilipokuwa meza moja na kabati lisilofungika. Sitaki kuiona ikifungwa.

Njooni tarehe kumi na tano. Mtaona fahari yetu, mahakama ya mfano. Mwaka huu wanafunzi wameandaa uchunguzi wa kifo cha askari jela, wanahoji mashahidi kama mawakili kamili. Ndiyo kazi tutakayolionyesha jopo. Kuna kitu humo kitakugusa. Sisemi zaidi.

Kuhusu salamu za wafungwa, kwa heshima zote kwa marehemu, siku hizi tunafundisha kwa utafiti. Shemeji alikuwa na hadithi zake.

Ndugu yako,
Dkt. Musembi


Kiganjo, Thika
24 Februari 2025

Musembi,

Salamu. Mama hajambo. Sketi za Carolyne zilete, nitazitengeneza.

Nimekaa zaidi ya wiki kabla ya kuandika.

Tulikuja. Tulikaa safu ya nyuma kwa sababu Ndanu aliona haya kukaa karibu na wewe mbele ya watakaokuwa wenzake. Tuliwaona wanafunzi wako na majoho yao ya kitambaa cha pazia, tukaliona lile turubai la bluu mlilolitandaza jukwaani. Ndanu akaniuliza, "Mama, hiyo ni nini?" Nikamwambia labda ni bahari. Nilikuwa bado sijaelewa.

Kisha akatoka yule kijana mrefu amevaa kofia ya askari jela. Mlimwita Koplo Nzau. Alikuwa anapepesuka na chupa mkononi, akawaambia wafungwa, "Nyinyi fyekeni, mimi nalala kidogo." Ukumbi mzima ukacheka. Mfungwa akateleza akaanguka kwenye turubai. Koplo akaamka, akamfuata kwa kelele za kilevi, akaanguka pia. Wakili akasimama akasema, "Mheshimiwa, marehemu alikufa kwa sababu ya pombe na uzembe wake mwenyewe." Na wewe, uliyekaa safu ya mbele, ulipiga makofi.

Machimbo ya mawe yaliyojaa maji, wafungwa wanafyeka, askari ni koplo. Ni ajali ngapi kama hiyo zimewahi kutokea huku kwetu? Mimi najua moja.

Nzioka aliingia majini akiwa na akili zake timamu. Yule kijana mfungwa aliyetumbukia, Nzioka alimsukuma mpaka ukingoni, naye mwenyewe miguu ikanasa kwenye tope. Kijana yuko hai. Mkuu wake alisema hayo mbele ya jeneza, wewe ukiwapo. Pombe Nzioka hakunywa. Kwenye harusi za watu alikuwa akishika soda ya chungwa ile ile mpaka inapata joto la mkono wake.

Ndanu alikuwa ameshika sambusa. Aliishika hivyo hivyo mpaka tukafika Thika, na alipofika nyumbani aliiweka mezani kama kitu cha mtu mwingine.

Nani aliwaambia wale watoto kuwa alikuwa mlevi? Nataka unijibu hilo tu. Mengine uyaache.

Mwongeli


Membley, Ruiru
30 Machi 2025

Dada Mwongeli,

Salamu. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kusahihisha mitihani na kuandaa majalada ya jopo. Sote wazima.

Nimesikitika kwamba mlijisikia vibaya. Nilidhani ungefurahi kuona kazi ya Nzioka inasomwa chuo kikuu. Askari wangapi wa cheo chake wanasomwa?

Sasa nikueleze kama mtaalamu. Ile si habari ya Nzioka. Ni kisa cha kufundishia. Jina limebadilishwa, mahali hapakutajwa. Mahakama ya mfano inahitaji pande mbili. Askari akiwa msafi kama malaika, mawakili watabishania nini? Wanafunzi waliweka ule udhaifu ili pawe na hoja, nami nikaona wamefikiri vizuri. Watu walicheka kwa sababu kijana anaigiza vizuri. Anaitwa Gachau, ni mmoja wa wanafunzi wangu bora. Hata wewe ungekuwa hukufiwa ungecheka.

Kama Ndanu anataka kuingia taaluma hii, ajifunze mapema kutenga hisia na ushahidi. Hilo ni somo la muhula wa kwanza.

Kuna jambo moja dogo. Jopo linataka kuona kwamba kisa kilichotokana na tukio la kweli kina ridhaa ya familia. Nimeambatisha karatasi. Weka sahihi pale chini, umpe Kahiga. Ni utaratibu tu, usiufanye mkubwa.

Ndugu yako,
Dkt. Musembi


Kiganjo, Thika
7 Aprili 2025

Musembi,

Salamu kwa Carolyne. Sketi zimekwisha, ziko kwa Kahiga pamoja na barua hii. Niliziongezea upindo, msichana wako anarefuka.

Karatasi yako nimeirudisha. Iko ndani ya sketi ya juu, sikuikunja. Haina sahihi.

Kama ile si habari ya Nzioka, ridhaa yangu ni ya nini? Na kama ni habari yake, mbona umemlevya?

Sikukuuliza pande mbili. Nilikuuliza nani aliwaambia. Umeandika ukurasa mzima ukalizunguka swali kama mtu anayekwepa mbwa aliyelala mlangoni.

Nikuambie kilichotokea hapa. Jumatano nilikuwa nakata kitambaa, Ndanu anapiga pasi. Akaniuliza, hakuinua uso, "Mama, baba alikuwa akinywa kazini?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Wewe ungejuaje? Hukuwa kazini kwake."

Alikuwa na miaka kumi na sita tulipomzika baba yake. Baba anayemjua ni wa jioni, yule wa kuvua viatu na kuuliza kama kuna chai. Wa mchana hamjui. Sasa chuo kikuu kimemwonyesha baba wa mchana, na mjomba wake amepiga makofi. Unataka aamini nani, daktari wa haki ya jinai au fundi wa sare?

Amesema hatajiunga kwenu. Picha ya baba yake hajaiondoa ukutani, ila siku hizi anapita chini yake akitazama sakafu. Hilo ndilo linalonitoa usingizi, Musembi. Shahada yenu ifungwe au isifungwe, mtoto wangu ameanza kumwonea baba yake haya.

Uwaambie wanafunzi wako ukweli kabla ya jopo kuja. Siombi kingine.

Mwongeli


Membley, Ruiru
12 Mei 2025

Mama Ndanu,

Sketi zimefika. Carolyne anashukuru.

Umeuliza nani aliwaambia. Haya, nikujibu, kwa kuwa umeamua kuning'ang'ania.

Wanafunzi wangu walikuja mazishini kunifariji. Walikodi gari wenyewe mpaka Yatta. Walinisikia nikizungumza kaburini, na nilisema nini? Nilisimulia kisa cha ntheo, siku Nzioka alipoleta mbuzi nyumbani kukuposa, akalewa mbele ya wazee, akatapika nyuma ya ghala la mahindi. Mashemeji hutaniana, hata kwenye mauti. Nimemtania Nzioka kwa kisa hicho tangu nikiwa sekondari na hajawahi kukasirika. Wanafunzi walikisikia wakakibeba. Kwangu si kosa, hiyo ndiyo akili ya mtafiti, kubeba alichosikia.

Na wewe ulicheka. Usijifanye umesahau. Nilikutazama. Ulikuwa umeinama, ukafunika mdomo kwa leso, mabega yakatikisika, na Mama akakupiga paja. Ulicheka mbele ya jeneza la mumeo kwa hadithi ile ile unayonihukumu nayo leo. Sasa mimi ndiye niliyemlevya?

Nitakuambia tatizo lako. Umekaa huko Kiganjo na kumbukumbu zako ndogo ndogo kama vifungo kwenye mkebe. Soda ya chungwa. Viatu. Majina ya mama za wafungwa. Kila anayefika lazima umfungulie mkebe. Watu wengine wana kazi. Nina walimu ambao mkate wao unategemea jopo hili. Nina wanafunzi wa mwaka wa nne ambao shahada yao inaweza kugeuka karatasi ya kufungia maandazi. Siwezi kubadilisha igizo sasa, majalada yameshapelekwa.

Jopo linakuja tarehe kumi na saba Juni. Nakuomba usije. Kama utakuja, usiniite ndugu mbele za watu.

Musembi


Kiganjo, Thika
19 Mei 2025

Daktari Musembi,

Salamu. Mama ameanguka bafuni lakini hakuumia. Nilikwenda nikarudi. Nakuambia kwa sababu yeye hatakuambia.

Ni kweli, nilicheka. Wiki ile yote ndiyo mara pekee niliyocheka, na nilikushukuru moyoni, ingawa sikukuambia.

Nilicheka kwa sababu mimi naujua mwisho wa kisa hicho. Wewe siku zote unakikatiza pale nyuma ya ghala, watu wanapoangua kicheko, kisha unakaa chini. Nyumbani hakuna haja ya kuendelea, sote tulikuwapo. Wale watoto wako hawakuwapo. Uliwaachia mtu anatapika, ukaondoka.

Basi nikuandikie mwisho, maana naona siku hizi hata wewe umeupoteza.

Baba alisema hawezi kugusa mbuzi wa mtu anayekataa pombe ya mkwe wake. Nzioka akasema kanisani kwao hawanywi. Baba akasema, "Basi kamwoe mchungaji." Wazee wakacheka. Nzioka akanitazama pale mlangoni nilipokuwa, akanyoosha mikono. Na aliyeijaza ile kata ya pombe ya asali mpaka ikamwagika ni wewe, Musembi, na ulikuwa unacheka kabla hajaigusa. Aliinywa yote kwa sababu hakujua kwamba kuonja kungetosha. Hakuna aliyemwambia.

Asubuhi yake umande haujakauka alikuwa amerudi, kwa miguu, na ufagio wa kwao. Alifagia nyuma ya ghala, akamwaga majivu, akafagia tena na uwanja wote. Mama akamkuta akamwambia, "Wewe ni mgeni, acha." Akasema, "Mama, nimekunywa kwa ajili ya binti yako, na nimefagia kwa ajili yako. Sasa nimemaliza yote mawili." Hakugusa pombe tena mpaka anaingia majini.

Hiyo ndiyo hadithi. Ukiikata nusu inakuwa ya mtu mwingine.

Sitakuja tarehe kumi na saba. Huna haja ya kuogopa jina la ndugu.

Mwongeli


Membley, Ruiru
30 Juni 2025

Mwongeli,

Sina salamu za kutuma leo.

Nataka uniambie ukweli, ulimwandikia Bi Kulwant? Ni yule hakimu mstaafu aliyekuwa kwenye jopo. Ulimpata wapi? Ulimshonea mjukuu sare?

Walikaa siku nzima. Majalada waliyapenda. Mafunzo ya magerezani waliyapenda. Tukawapeleka ukumbini kama kilele cha sherehe. Gachau akaigiza, watu wakacheka, wakili akafunga hoja. Nikasubiri makofi. Bi Kulwant akavua miwani akamwambia Gachau asishuke.

"Kijana, huyu koplo alikuwa amelewa?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Mmejuaje? Sijasikia shahidi hata mmoja aliyemwona akinywa."

Gachau akasema ilikuwa tabia yake. Akamuuliza nani alisema ilikuwa tabia yake. Yule kijana akageuka akanitazama, akasema, "Daktari alisimulia mazishini." Ukumbi mzima ukanigeukia.

Nilisema ilikuwa utani wa shemeji. Nilisema hakuwa mlevi, alikunywa siku moja tu nyumbani kwetu. Bi Kulwant akauliza, "Wanafunzi wako walijua hivyo?" Nikasema hapana. Akauliza, "Uliposahihisha kazi hii, wewe ulijua?" Nikasema nilijua. Akavaa miwani, akaandika. Hakuniuliza lingine.

Ripoti imefika. Wanasema shahada yetu inafundisha vizuri jinsi ya kumshika mtu na jinsi ya kumfunga, ila haijafundisha kuuliza "mmejuaje". Wametupa mwaka mmoja wa kujirekebisha. Wanafunzi wapya wataingia Septemba, lakini mahakama ya mfano imesimamishwa, na uongozi wa idara amepewa Muasya. Muasya! Aliyekuwa akinibebea viti siku ya kwanza. Juzi amenisimamisha kwenye ngazi akaniambia, "Pole, Daki, ni mambo ya kawaida." Ofisi yangu anaipima mazulia.

Umefurahi? Mumeo amesafishwa mbele ya jopo, imeandikwa na kupigwa muhuri. Mfungulie Ndanu mkebe umwonyeshe.

Usiniandikie tena.

Musembi


Kiganjo, Thika
4 Agosti 2025

Ndugu yangu Musembi,

Uliniambia nisiandike, nami nimetii mwezi mzima. Sasa naandika kwa sababu lipo la kusema. Ukitaka usifungue, mwachie Kahiga.

Mama hajambo. Mkongojo ameanza kuutumia, si kutembelea, ni kuwafukuza kuku wa jirani. Anasema una shabaha nzuri na anakushukuru.

Bi Kulwant simjui. Sikumwandikia, sikumshonea mtu. Aliuliza swali ambalo hata Ndanu angeliuliza kama asingeona mjomba wake anapiga makofi. Na sikufurahi. Nilisoma pale kwa Muasya na mazulia nikaiweka barua chini. Nakumbuka ulivyotuletea picha ya lile kabati lisilofungika, ukasema, "Hii ndiyo idara." Nzioka ndiye aliyekwambia ukunje karatasi uweke kwenye bawaba.

Yule Gachau alikuja hapa. Aliuliza njia kwa wenye bodaboda mpaka akafika. Nilikuwa kwenye cherehani, Ndanu akatoka mlangoni. Nikawasikia.

"Niaje. Hapa ndio kwa marehemu Koplo Nzioka?"

"Ndio. Wewe ni nani?"

"Mimi ndio nilimwigiza."

Nikaacha kushona. Ndanu akamwambia, "Ulimwigiza vibaya. Kwanza hakuwa mrefu."

Kijana akasema, "Sikuuliza. Ndio nimekuja kuuliza."

Walikaa kwenye ngazi mpaka chai ikapoa. Alimuuliza baba yake alikuwa akitembeaje, akiongeaje na wafungwa, kwa nini alijitosa. Mengine Ndanu hakuyajua, akawa anakuja ndani kuniuliza, anarudi nje kumjibu. Nilimpa majina ya mama za wafungwa, yale ninayoyakumbuka. Hakuna aliyeniambia nifunge mkebe. Kijana alipoondoka Ndanu alisimama chini ya picha ya baba yake akaitazama muda mrefu, kisha akaifuta vumbi kwa mkono wa sweta.

Amejaza tena maombi ya chuo, ni yale yale, ya kwenu. Nilimuuliza sababu. Alisema anataka kusoma mahali ambapo watu wamewahi kuulizwa "mmejuaje" wakakosa jibu, kwa sababu hapo hawatasahau. Sijui kama ni hekima au ni ukaidi wa baba yake. Mimi nilikuwa napima shahada yenu tangu Januari na bado sijamaliza kupima, lakini anayekwenda kusoma ni yeye. Utamwona darasani Septemba. Usimpendelee. Na usimkwepe.

Sijakusamehe yote. Nakuandikia hivyo usije ukadhani barua hii ni ya kupatana. Karatasi uliyoniletea niweke sahihi bado inaniuma, na yale makofi yananiuma zaidi.

Lakini Jumamosi tarehe ishirini na tatu tunamwekea Nzioka msalaba wa mawe kule Yatta. Mama atakuwapo, na mchungaji, na majirani wachache. Watauliza nani atazungumza upande wa mashemeji. Nitasema ni wewe. Usitayarishe hotuba. Simulia ntheo. Anza pale Baba alipokataa mbuzi, useme nani alijaza kata, na ukifika nyuma ya ghala watu wakicheka, subiri wamalize, usikae chini. Endelea mpaka asubuhi, mpaka ufagio. Ndanu hajawahi kuisikia yote kwa sauti ya mtu aliyekuwapo, na mimi nikiisimulia nalia kabla sijafika. Wewe ndiye unayejua kuisimulia. Hakuna mwingine.

Nitacheka. Mama atanipiga paja, mwache anipige.

Kama hutaweza kuja, basi jioni hiyo huko Membley, mtaje jina lake mezani mbele ya watoto. Na baada ya jina lake, nami unikumbuke.

Dada yako,
Mwongeli